Mfalme Alisamehe Haraka Mno: Wasomaji na Mwisho wa Kusadikika

Mhadhara kwa wakazi wa Gulwe, Wilaya ya Mpwapwa



Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, walimu, wanafunzi, na ninyi wasafiri mlioingia humu kukwepa jua huku mkisubiri treni: karibuni. Nimeombwa nizungumze juu ya vitabu, kwa sharti kwamba nisizungumze kama msahihishaji wa mitihani. Sharti nimelikubali. Sitauliza dhamira ni ngapi wala mhusika mkuu ana sifa zipi. Nitalizungumza lile ambalo msomaji hulisema mwenyewe bila kuulizwa, anapofunga kitabu alichokipenda: "Kizuri, lakini hapo mwisho…" Halafu anatikisa kichwa.

Kitabu chenyewe ni Kusadikika cha Shaaban Robert. Kilichapishwa mwaka 1951, na tangu hapo kimepita mikononi mwa vizazi vya wanafunzi, Tanzania na Kenya. Kuna mzee hapa mbele ananiitikia kwa kichwa. Bila shaka alikisoma akiwa na kaptula. Ni kitabu kinachopendwa, na ni kitabu ambacho mwisho wake haujawahi kuwaridhisha wote wanaokipenda.

Mna haki ya kuniuliza kwa nini nimelileta jambo hili Gulwe. Shaaban Robert, mtu wa Tanga aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alikuwa karani wa serikali karibu maisha yake yote. Alianzia forodhani mwaka 1926, akahamishwa kituo hadi kituo, na katikati ya miaka ya 1940 akaletwa Mpwapwa, idara ya mifugo. Siku zile Mpwapwa ilikuwa ndiyo makao ya elimu ya ng'ombe ya Tanganyika. Hapo ndipo walipochanganya damu ya ng'ombe wetu wa kienyeji na ya wale walioletwa kutoka Bara Hindi, mpaka akapatikana ng'ombe tunayemwita Mpwapwa. Karani kutoka baharini, mwenye mapenzi na maneno, akawekwa kwenye majalada ya ng'ombe! Na mtu wa pwani aliyekuja Mpwapwa kwa reli, stesheni yake ya kushukia ilikuwa hii.

Sidai kwamba nchi ya Kusadikika ni Ugogo. Mwandishi anasema nchi yake inaning'inia hewani, na Ugogo, pamoja na ukame wake wote, uko ardhini. Ninachodai ni kidogo zaidi. Mtu huyu aliijua ofisi kwa ndani. Aliyajua maombi yanavyoandikwa, yanavyopelekwa kwa bwana mkubwa, yanavyowekwa pembeni, na yanavyojibiwa baada ya mwombaji kusahau alichoomba. Mkilishika hilo, mwisho wa Kusadikika utaeleweka kwa namna nyingine. Nitalirudia.

Kwa wasiokisoma, hadithi ni hii. Katika nchi ya Kusadikika kuna kijana aitwaye Karama. Anashitakiwa kwa kosa la kutaka kueneza elimu ya sheria. Anayemshitaki ni Waziri Majivuno, na jina lake linatosha kumwelezea. Karama amesimama mbele ya Mfalme na baraza, na adhabu inayomngoja ni kifo. Badala ya kulia au kuomba radhi, anajitetea kwa kusimulia habari za watu wengine. Anawakumbusha kuwa nchi hii iliwahi kuwatuma wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waende nchi nyingine wakatafute mambo ya kuifaa Kusadikika. Walienda kila upande wa dunia, mmoja mbinguni, mmoja ardhini. Walipata taabu za kutisha njiani. Walirudi na mema. Na kila aliyerudi alitiwa kifungoni.

Hapo ndipo penye utamu. Siku baada ya siku Karama anasimulia, na kila mjumbe anayemtaja ni shahidi dhidi ya wale wanaomhukumu. Kesi imegeuka. Aliyesimama kizimbani ndiye anayeshitaki. Mwandishi ametukalisha katika baraza lile tukitazama nyuso za wakubwa, na tunajua, na wao wanajua, kwamba hoja haina jibu. Mimi nimekisoma kitabu hiki katika umri mbalimbali, na sehemu hiyo haijawahi kunichosha. Kila mjumbe anapotajwa kufungwa, hasira inapanda upya, ingawa najua linalokuja.

Kisha Mfalme anaamua. Karama aachiwe. Wajumbe waliofungwa wafunguliwe. Mambo mema waliyoyaleta yatumike. Nchi itatengemaa. Kwisha.

Wasomaji wanagawanyika papo hapo.

Wako wanaofurahi, na hao si wajinga kama baadhi ya walimu wanavyowadhania. Mtu aliyekaa na Karama kurasa zote zile anataka aishi. Amechoka kuona wema wakifungwa. Anataka angalau mara moja, hata kama ni katika nchi isiyokuwapo, neno la haki lisikike na mkubwa aseme: umeshinda. Wazee wengi niliozungumza nao juu ya kitabu hiki wako upande huo. Wameona hukumu nyingi za kweli. Hawahitaji riwaya iwaletee nyingine.

Wako wanaohisi wametapeliwa. Hawa zaidi ni vijana. Huuliza swali ambalo ni gumu kulijibu: mfalme aliyewafunga watu sita mmoja baada ya mwingine, kwa ushauri uleule wa waziri yuleyule, amepata wapi moyo mpya asubuhi moja? Ni nini kilichombadilisha? Maneno? Lakini wajumbe nao walikuja na maneno, tena na ushahidi mikononi. Na huyo Majivuno, aliyeiharibu nchi muda wote huo, mbona hatuoni akilipa kwa kipimo cha alichokifanya? Mwisho huu, wanasema, ni chungu kilichoepuliwa kabla ya nyama kuiva.

Kundi la tatu ni wasomi. Katika miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wahakiki waliokulia katika joto la Azimio la Arusha walimsoma Shaaban Robert kwa jicho kali. Walimheshimu kwa lugha, wakamlaumu kwa tiba. Walisema anaiona dhuluma vizuri lakini anaiponya kwa nasaha: mtawala mbaya aambiwe, atubu, mambo yaishe. Wao walitaka wananchi wa Kusadikika wainuke. Walishangaa kwamba katika nchi yote ile, mkulima na mchungaji hawana la kufanya isipokuwa kusubiri hukumu ya mtu mmoja. Katika miaka hiyohiyo kijana mmoja kutoka Ukerewe, Euphrase Kezilahabi, aliandika tasnifu ya shahada ya uzamili juu ya Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Ilikuwa mwaka 1976. Huyu Kezilahabi mshikeni. Tutamhitaji baadaye kidogo.

Sasa nitoe langu. Naona makundi yote matatu yanakosea jambo moja: yanausoma mwisho ule kama taarifa ya kilichotokea. Mimi nausoma kama ombi.

Fikirini mwaka 1951. Tanganyika iko chini ya Waingereza kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa. Hakuna TANU, itazaliwa 1954. Mwafrika mwenye malalamiko ana njia chache zinazoruhusiwa, na mojawapo ni kuandika. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikuja kukagua mwaka 1948, ukaja tena 1951, na watu wakapeleka maandiko yao. Katika mazingira hayo karani wa serikali anaandika kitabu ambamo serikali inawafunga wanaoiletea elimu. Kitabu chenyewe kinachapwa na kampuni ya Waingereza, na kinaingia katika shule zinazosimamiwa na Waingereza. Ameupitishaje mzigo huo? Kwa kuitundika nchi hewani, na kwa kumwachia mfalme mlango.

Mtu anayeandika ombi kwa mkubwa hamalizii kwa kumwambia mkubwa atapinduliwa. Anamalizia kwa kumwonyesha jinsi atakavyopendeza akilikubali. Mfalme wa Kusadikika anayesamehe ni mfano uliowekwa mbele ya mtu aliyeketi ofisini: unaweza kuwa huyu. Kwa hiyo wepesi wa mwisho ule una sababu. Upole wa ukurasa wa mwisho ndio uliolipia ukali wa kurasa zote zilizotangulia.

Mtaniambia: basi ombi lilijibiwa? Tutazame kisa cha kweli cha mjumbe, kilichotokea mara tu baada ya kitabu kutoka. Mwishoni mwa 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet aende Umoja wa Mataifa. Alifika New York mwaka 1952, akasimama mbele ya wakubwa wa dunia, akaeleza. Alisikilizwa. Wengi walimhurumia. Azimio la kuwarudishia ardhi likakosa theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu. Hakukuwa na mfalme wa kukunjua uso. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka akiwasimulia watu alichokiona na alichojibiwa, na habari ile ilisafiri nchini. Shaaban Robert hakuweza kuyajua hayo alipokuwa akiandika. Kitabu kilikuwa tayari dukani. Ila msomaji aliyekisoma mwaka 1953 alikuwa na miisho miwili mkononi, wa kitabu na wa Kirilo, na naamini hapo ndipo kutikisa kichwa kulipoanza.

Kabla hatujamwacha Mfalme wa Kusadikika, niseme neno juu ya mshairi wetu wa nyumbani, Mathias Mnyampala. Huyu ni Mgogo, si mgeni wa idara. Alizaliwa 1917, akafariki 1969. Ndiye aliyeandika historia, mila na desturi za Wagogo, kitabu kilichotoka 1954, na ndiye anayetajwa kuwa baba wa ngonjera. Ngonjera mnazijua, hakuna shule ya hapa ambayo haijawahi kumsimamisha mtoto mbele ya mgeni rasmi akatoa ngonjera. Wawili wanabishana kwa mashairi. Mmoja anajua, mmoja hajui au hataki. Wanajibizana, na mwishoni asiyejua anakubali, wanapatana, tunapiga makofi.

Je, nani kati yenu aliwahi kusikia ngonjera ambayo mpinzani alibaki na msimamo wake? Mimi bado. Ngonjera zilishamiri baada ya Azimio la Arusha, 1967, zikabeba siasa ya Ujamaa na Kujitegemea hadi vijijini, na kila moja ilimalizika kwa maafikiano. Upande mmoja ni jambo la kupendeza: ni imani kwamba mtu huelimishwa kwa maneno, hashurutishwi. Upande wa pili, sisi wa Dodoma tunajua kwamba miaka ileile ya maafikiano jukwaani, watu walihamishiwa vijijini na wengine hawakuulizwa mara mbili. Operesheni Dodoma ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wazee waliopo humu wanaikumbuka kuliko ninavyoweza kuisimulia. Jukwaani mpinzani alikubali. Nyumbani alibebewa vitu kwenye lori.

Nasema haya kueleza kwa nini mwisho wa Kusadikika unawawasha vijana wetu zaidi ya inavyopasa. Hawausomi peke yake. Wanausoma wakiwa wameshiba ngonjera. Wamezoea kuona upande mmoja ukiridhishwa kwa hotuba, wakajifunza kutouamini. Mfalme anapokubali, wanasikia makofi ya mgeni rasmi.

Sasa niwapeleke penye raha zaidi, kwa sababu hapa Shaaban Robert ametuachia ushahidi wa mkono wake mwenyewe.

Mwaka 1952, mwaka mmoja baada ya Kusadikika, ilitoka Adili na Nduguze. Ni hadithi ya ajabu kamili: majini, mji wa watu waliogeuka mawe, mfalme Rai wa Ughaibu. Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu. Anawalea, anawapa mali, wanaipoteza, anawapa tena. Mwishowe wanamtupa baharini kwa sababu ya wivu. Jini Huria, ambaye Adili aliwahi kumwokoa, anamwokoa naye, kisha anawageuza ndugu wale manyani. Adili ameamriwa awachape kila usiku. Anawachapa, na akimaliza anawabembeleza na kula nao, moyo unamuuma. Siri inagundulika, Mfalme Rai anaingilia kati, majini wanaombwa, na ndugu wanarudishiwa ubinadamu wao. Wanatubu. Familia inakuwa moja. Furaha.

Hadithi hii Shaaban hakuibuni kutoka mwanzo. Mifupa yake imo katika Alfu Lela Ulela, katika kisa cha Abdallah bin Fadhil na ndugu zake. Huko ndugu wamegeuzwa mbwa, khalifa ni Harun Rashid, lakini mambo mengine mnayatambua: viboko vya usiku, mji wa mawe, jini aliyeokolewa akiwa nyoka, msamaha, ndugu kurudi kuwa watu.

Lakini Alfu Lela haikuishia hapo. Ndugu wale wakisharudi kuwa watu, wakishasamehewa, wakishapewa vyeo, wanakaa pamoja, wivu unawarudia, na usiku mmoja wanamnyonga ndugu yao na kumtupa mtoni. Anaokoka kwa bahati. Pomboo anamfikisha ukingoni. Na safari hii hakuna msamaha. Khalifa anawaua.

Tafakarini alichofanya Shaaban Robert. Alikuwa na hadithi kamili mbele yake, yenye mwisho ulio mkali na, tuseme kweli, unaoaminika zaidi. Ndugu aliyekutupa mara moja atakutupa mara ya pili. Msimulizi wa zamani aliijua dunia. Naye karani wa Tanga akachukua kila kitu, akafika pale ndugu waliposimama tena kwa miguu miwili, akakata uzi. Hapa, akasema, panatosha.

Kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba Shaaban aliandika miisho ya furaha kwa kutojua mingine. Mwisho mchungu alikuwa nao, akauacha. Ule wa Kusadikika unaweza kusema alilazimishwa na zama, mwandishi chini ya ukoloni anapima maneno. Ule wa Adili hakulazimishwa na yeyote. Mwingereza gani angejali kama manyani wawili wakitubu au wakinyongwa? Aliuchagua kwa imani yake: mtu aliyefanywa mnyama kwa sababu ya ubaya wake anaweza kuaminiwa akirudi. Unaweza kuikataa imani hiyo. Mimi mwenyewe, nikifikiria baadhi ya watu ninaowajua, huikataa asubuhi na kuikubali jioni. Lakini ni imani iliyolipiwa, kwa sababu ametuonyesha viboko, na ametuonyesha Adili akilia baada ya kuchapa. Msamaha umepita katika mwili wa mtu. Msamaha wa Mfalme wa Kusadikika haukupita popote, ulitoka tu mdomoni.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema msomaji wa Kiswahili hapendi mwisho wa huzuni. Chukueni Fumo Liyongo. Pwani nzima inampenda, na utenzi uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 ndio uliomfikisha shuleni kwetu. Shujaa mrefu kupita watu, asiyechomwa na silaha yoyote, aliyetoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa pumba aliotengeneza mama yake. Anayemmaliza ni mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa na Sultani wa Pate cheo na mke. Baba anamwambia mwana siri yake: sindano ya shaba kitovuni. Mwana anakuja nayo akiwa amelala. Liyongo anaamka, anachukua uta, anatoka hadi kisimani, anapiga goti na kuweka mshale tayari, na katika hali hiyo anakata roho. Watu wanakaa mbali kwa hofu. Hakuna anayethubutu kuchota maji. Mama yake analetwa ambembeleze mwanawe apunguze hasira, naye anambembeleza maiti.

Mwisho huo unauma, na bado sijasikia msomaji akisema umekosewa. Wanasema wangetamani asiseme siri. Wanasema mtoto yule, ambaye hata alichoahidiwa hakukipata, alistahili. Wanalia, lakini hawaulizi "kwa nini". Kila kitu kilikuwa kimeshawekwa mbele yetu: sultani mwenye hofu, baba anayependa kupita kiasi, mtoto anayetaka ukubwa. Kumbe hasira ya msomaji haitoki kwenye furaha wala huzuni ya mwisho. Inatoka pale mtu katika hadithi anapofanya jambo ambalo hatukumwona akilisogelea. Mtoto wa Liyongo tulimwona akisogea. Mfalme wa Kusadikika alikuwa ameketi tu.

Ulimwenguni kote wasomaji ni hivyohivyo. Mwaka 1893 Arthur Conan Doyle alimtumbukiza Sherlock Holmes kwenye maporomoko ya maji huko Uswisi, wasomaji wakamjia juu kwa barua na wengi wakaacha kulinunua jarida lililokuwa likichapisha hadithi zake. Miaka 10 baadaye akamrudisha hai, kwa maelezo ambayo hata mtoto angeyacheka. Mwaka 2007 J. K. Rowling alifunga vitabu saba vya Harry Potter kwa sura inayoruka miaka 19 mbele na kutuonyesha mashujaa wakiwa wazazi stesheni, wakisindikiza watoto shule. Wapo waliolia kwa furaha. Wapo waliosema ingeng'olewa. Wale wa stesheni msiniangalie hivyo, siwasemi ninyi.

Sasa Kezilahabi, niliyewaambia mmshike. Mtu aliyemsoma Shaaban Robert kwa undani kiasi cha kumwandikia tasnifu aliandika riwaya zake mwenyewe kana kwamba anambishia. Katika Kichwamaji, 1974, Kazimoto anajiua. Katika Dunia Uwanja wa Fujo, 1975, Tumaini anaua na anahukumiwa kunyongwa. Hakuna mfalme wa kusamehe, na serikali iliyopo ni yetu wenyewe. Wasomaji walilalamika upande wa pili: huyu mtu ametunyima hata dirisha! Kisha akaandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu viwili vyembamba vya nchi za ajabu, kimoja kikikifuata kingine, ambavyo msomaji akivimaliza hana uhakika kama amefika mwisho au amerudi mwanzo. Alifariki Januari 2020, na vitabu hivyo bado vinabishaniwa. Kwangu mimi ni vitabu vya kuheshimiwa kuliko kupendwa, na sijakutana na mtu aliyevisoma kwa ajili ya raha ya usiku mmoja, lakini vinathibitisha jambo moja: njia ya Shaaban, ya kuitundika nchi hewani ili kuisema nchi ya chini, haikufa naye mwaka 1962.

Naye Shaaban alituachia nchi nyingine ya kubuni, Kufikirika, aliyoiandika miaka ya 1940 na ikachapishwa 1967, miaka 5 baada ya kifo chake. Huko pia kuna mfalme, kuna kesi, kuna mwalimu anayetetea uhai wake kwa hoja. Ukiziweka Kusadikika, Adili na Kufikirika pamoja unapata karibu mfululizo mmoja: nchi tatu zisizo kwenye ramani, wafalme watatu, na swali lilelile, mtawala afanywe nini ili asikie? Nchi zote tatu zinajibu: aambiwe vizuri. Mwalimu wangu mmoja alikuwa akisema Shaaban alikuwa karani hadi kaburini, akiamini kwamba barua ikiandikwa kwa mwandiko mzuri itajibiwa. Nilicheka siku ile. Leo nafikiri ni sifa na lawama kwa pamoja, na sioni haja ya kuzitenganisha.

Walimu wenzangu, nina ombi. Tunapomfundisha mtoto Kusadikika, tumekuwa tukimpa mwisho kama jibu: haki hushinda. Anaandika hivyo kwenye karatasi, anapata alama, anatoka nje na kuwaambia wenzake kwamba hakuamini hata neno moja. Kwa nini tusimpe alama kwa kutoamini? Aulizwe: Mfalme angepaswa kufanya nini kabla ya siku ile ili umwamini? Aandike ukurasa huo uliokosekana, Mfalme akiwa peke yake usiku, jina la mjumbe mmoja likimzuia kulala. Aandike siku ya Majivuno baada ya hukumu. Aandike Buruhani akitoka kifungoni, anakwenda wapi, nani anampokea, na kama anakubali kushika tena kazi ya nchi iliyomfunga. Hayo yote kitabu kimeyaruka, na ni mali ya msomaji.

Kwa kuwa nimeombwa na Mwenyekiti nisiondoke bila kutoa hukumu, naitoa. Kati ya miisho mitatu, wa Liyongo ni bora kuliko yote. Wa Adili unafuata, tena kwa mbali unaushinda ule wa Alfu Lela kwa ujasiri. Wa Kusadikika ni dhaifu, ingawa kesi iliyoutangulia ni kurasa nzuri kuliko zote alizoandika Shaaban Robert. Anayenipinga asimame, treni ya Dodoma bado haijaingia, na kipaza sauti hiki hapa.